Cheti cha kwenda Unguja, na mjomba wangu aliyenidhamini baada ya kufa

Wakuu wa daftari, assalamu alaykum. Ndugu zetu wa misheni mnaosoma humu nanyi nawasalimu, Mungu awape heri.

Daftari letu la kupokezana limenifikia juzi kwa gari la moshi kutoka Kilosa, likiwa na doa la samli kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa nne. Aliyeliweka anajijua. Nimemsamehe.

Nimesoma yote mliyoandika. Ndugu yetu mmoja wa Kilosa ameuliza: mtu wa huku kwetu, chini ya Mdachi wa Ujerumani, akitaka kuingia Unguja, nchi ya Sultani na Mwingereza, aombe cheti gani pale bomani?

Chini yake wamejibu watu saba, kila mmoja na lake, na wa saba amejibu habari za mbuzi.

Mimi nimekwenda na nimerudi. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Nimetawadha kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo mkifika mahali msipopaamini, msiseme mwalimu kaongeza chumvi. Chumvi ilikuwamo tangu jikoni.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Morogoro, nyuma ya soko. Mama yangu ni mtu wa mlimani, juu ya Matombo. Nina ndevu nyeupe na magoti mazuri, alhamdulillahi. Magoti hayo yaliniponza, mtaona.

Sasa twende.

Aliyenifundisha mimi dini ni mzee mmoja wa Unguja, Maalim Haji. Alikaa hapa Morogoro miaka mingi, kabla hata reli haijafika. Macho yalipoanza kumwisha akarudi kwao, nami nikaachwa na chuo chake. Aliniachia chuo, lakini hakuniachia ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu kwamba sasa unaweza kusomesha kwa jina lake. Alisema bado ninakosea.

Miaka ikapita nikisomesha bila ruhusa hiyo. Watu hawakujua. Mimi nilijua, na kila nilipomsahihisha mtoto niliona haya kidogo.

Siku moja akaja mfanyabiashara wa pilipili kutoka pwani, akanikuta barazani, akanipa salamu zake kama alivyopewa:

"Maalim Haji anasema macho yamekwisha na kifua kinakwisha. Anasema njoo umsomee akiwa hai. Akifa utamsomea kaburini, na makosa yako hatakuwa na njia ya kuyasahihisha."

Wakuu, nililia, kisha nikacheka, kisha nikavaa kanzu nikaenda bomani.

Pale bomani anayeshika habari za safari ni karani mmoja wa pwani, mtu wa shule, jina lake Juma. Ni mtu mwema. Ana miwani, na anapoandika hutoa ulimi kidogo pembeni kama anayeonja mchuzi.

Nikamwambia, "Bwana karani, nataka cheti cha kwenda Unguja."

Akasema, "Cheti gani?"

Nikasema, "Cheti."

Mimi nilidhani cheti ni cheti, kama sahani ni sahani. Kumbe ni kama sahani kweli: kuna ya wali, kuna ya mchuzi, kuna ya wageni ambayo huruhusiwi kuigusa.

Karani Juma akanihesabia kwa vidole. Kuna cheti cha mfanyabiashara, mwenye mali ya kuuza. Kuna cha mtumishi, anayefuatana na bwana wake. Kuna cha mgonjwa, anayetafuta dawa, na huyo lazima daktari amwandikie. Na kuna cha ziara, cha mtu anayekwenda kuona watu wake. Hicho cha mwisho ni lazima uwe na mdhamini: mkubwa wa ukoo wako aje hapa kwa miguu yake, aseme, "Huyu ni wangu, asiporudi siku arobaini nikamateni mimi."

Kila mwenye akili hapo angechukua cha ziara. Mimi nilikiruka, kwa sababu mkubwa wa ukoo wetu yuko mlimani, na kuna jambo juu yake ambalo nilikuwa sitaki kulieleza mbele ya karani. Nikasema nitajaribu njia fupi kwanza.

Njia fupi, wakuu, ndiyo iliyonichukua wiki tatu.

Nikaanza na biashara. Jirani yangu Kanji, Mhindi mwenye duka la vitambaa, akasema, "Mwalimu, rahisi kabisa. Chukua iliki ya Matombo, sema unauza." Nikanunua iliki kifuko kimoja, nikarudi bomani.

Karani akauliza, "Hii utamuuzia nani?"

Nikasema, "Nitampa Maalim Haji, atie kwenye kahawa."

"Atakulipa?"

"Astaghfirullah! Nimtoze mwalimu wangu?"

Karani akaweka kalamu chini. "Mwalimu, hii ni zawadi. Cheti cha zawadi hakuna."

Kanji aliposikia alinisikitikia sana. Akasema ametembea nchi tatu na hajapata kuona mtu aliyeshindwa kusema neno "ndiyo".

Nikaenda kwa daktari. Hapa sitachelewa. Alinigonga mgongoni, akasikiliza kifua, akaniamuru nipande ngazi na kushuka mara kumi. Mtu aliyelelewa Uluguru umpandishe ngazi za boma! Nilipanda huku nikivuta uradi. Daktari akasema nitaishi kuliko yeye.

Nilitoka nimenuna kwa kuwa mzima. Nilipofika kwenye mwembe wa barabarani ndipo nikagundua ninachonunia, nikasimama nikatubu palepale. Watu wangapi wamelala vitandani wakiomba kifua kama changu?

Ikabaki njia ya utumishi.

Padre mmoja wa misheni ya Matombo alikuwa anasafiri kwenda Unguja kwa shughuli zao, na mpishi wake alikuwa anaumwa jino. Tunafahamiana naye, akishuka mjini hupita kwangu tukabishana habari za Nabii Isa kwa heshima, na hunywa kahawa yangu yote. Nikamwambia nitamfuata kama mpishi, ila nguruwe sishiki.

Akasema, "Nguruwe nitaacha mpaka turudi. Lakini, Mwalimu, unajua kupika?"

Nikasema nimekula miaka sitini, kitu kitakuwa kimeniingia.

Akataka kwanza nimpikie chakula cha mchana. Nikapika wali na maharage. Wali ulikuwa na tabaka tatu: chini makaa, katikati mawe, juu uji. Padre alifunga macho, akasali kabla ya kula. Alipoonja akafunga macho tena, akasali mara ya pili.

"Mwalimu," akasema, "ukinipikia wewe, nitafika mbinguni kabla ya kufika Unguja."

Tukacheka sote wawili. Akanipa ndizi tukala. Akaniuliza, "Kwa nini usichukue cheti cha ziara? Huna mkubwa wa ukoo?"

Nikasema ninaye.

"Yuko hai?"

Nikamwambia, Padre, hapo ndipo penye maneno.

Wakuu, ninyi wa mlimani mnajua tayari, ila ndugu wa pwani na wa Kilosa inabidi niwaeleze.

Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba hukulea na kukupenda, lakini shauri lako liko kwa mjomba. Na mkubwa wa ukoo akifa, jina lake halizikwi. Huchaguliwa mtoto au mjukuu wa dada yake, na arobaini ya msiba ikiisha hupewa jina lile mbele ya watu, na tangu siku hiyo yeye ndiye yule. Wajukuu wa marehemu ni wajukuu zake. Waliokuwa hawasemezani na marehemu hawasemezani naye. Haiigizwi, ndivyo ilivyo.

Mkubwa wetu aliitwa Mloka, kaka wa mama yangu. Alipofariki, wazee walinitaka mimi nichukue jina. Nikasema mimi nina chuo mjini, siwezi kukaa mlimani kuamua kesi za migomba. Basi jina akapewa Shabani, mtoto wa dada yangu mdogo.

Shabani huyo nilimfundisha alifu mimi mwenyewe, kwa mdomo na kwa fimbo. Ni mtu mzima sasa, ana mke na watoto, lakini kwangu mimi alikuwa mpwa, na mwanafunzi asiyejua kutofautisha ha na kha.

Sasa ni Mloka. Na Mloka ni mjomba wangu.

Mtu wa pwani akisikia haya hushika kichwa. Mlimani hata mtoto anayechunga mbuzi hakosei.

Nikapanda kwenda kumwona. Nilitoka baada ya alfajiri, nikafika adhuhuri nikiwa na jasho na ukungu pamoja. Nikamkuta Mloka anakatia migomba mbele ya nyumba. Mlangoni alikuwa amekaa bibi mjane wa yule Mloka wa kwanza, anachambua maharage.

Nikavua viatu. Nikasema, "Shikamoo, mjomba."

Ndugu zangu, kama kuna jambo kijana yule analifurahia duniani ni hilo. Aliweka panga chini polepole, akajifuta mikono, akasubiri kidogo ili liive.

"Marahaba, mpwa wangu," akasema. "Umekonda. Mjini hawakulishi?"

Nikaeleza habari ya Maalim Haji, na cheti, na mdhamini, na zile siku arobaini.

Akasema, "Kwa hiyo usiporudi wananifunga mimi."

"Ndiyo, mjomba."

"Na wewe ukianza kusoma vitabu, hukumbuki hata kula. Siku ile uliniacha nimepiga magoti tangu asubuhi hadi alasiri, ukasahau kuwa umeniadhibu."

"Huyo alikuwa Shabani," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Lakini magoti ni haya haya."

Yule bibi mjane, bila kuinua macho kwenye maharage yake, akasema naye kwa sauti ya mke anayemkumbusha mumewe:

"Mwache akamwone mwalimu wake. Wewe mwenyewe ulipokuwa unakufa ulimuulizia huyu kila saa, na alichelewa. Unataka amchelewee na mwingine?"

Hapo Mloka akaokota panga, akaliegemeza ukutani. Na ni kweli. Mjomba wangu alipokuwa anakata roho nilikuwa mjini, nikisubiri watoto wamalize juzuu. Nilifika kumwosha.

Mloka akaenda ndani, akatoka amevaa kanzu. "Twende," akasema. "Ila njiani unitangulie, maana nyuma yangu utaona ninavyokanyaga ukaanza kunisahihisha."

Kesho yake asubuhi tukawa bomani.

Sasa, wakuu, kosa nililofanya hapa lilikuwa langu, na mtu asimlaumu karani. Ningeweza kumwandaa. Ningeweza kuingia kwanza peke yangu nikamweleza desturi yetu kwa utaratibu. Lakini mtu ukiishi na jambo tangu utotoni unalichukulia kama hewa. Nikaingia moja kwa moja, nikasema:

"Bwana karani, huyu ni mjomba wangu Mloka, mkubwa wa ukoo."

Karani Juma akafungua daftari la wakubwa wa koo za mlimani. Akapitisha kidole. Kidole kikasimama.

"Mloka amekufa," akasema.

"Ndiyo, Mungu amrehemu."

"Imeandikwa hapa. Na aliyeleta habari ya kifo ni wewe, Mwalimu. Sahihi yako hii."

Nikaangalia. Ilikuwa sahihi yangu, nzuri kabisa.

"Ni kweli," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuja."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni Mloka."

"Yupi?"

"Huyohuyo."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama Mloka kuanzia kofia hadi vidole vya miguu. Akaamua amuulize mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeongea na mgeni.

"Bwana, wewe ni Mloka?"

"Ndimi."

"Ulikufa?"

"Nilikufa, bwana," akasema Mloka bila wasiwasi. "Kifua. Kilinisumbua masika mazima."

"Halafu?"

"Halafu wakanizika. Mwalimu huyu ndiye aliyeniosha. Walinizika vizuri, sina lawama."

Askari aliyekuwa mlangoni akasogea hatua moja kuelekea nje.

Nikaona mambo yanaharibika. Nikaanza kueleza: kwamba huyu ni mjomba wangu, lakini pia ni mpwa wangu, na nilimfundisha kusoma, na yeye ni kaka wa mama yangu, ingawa alizaliwa mama yangu akiwa bibi. Nilikuwa nasema kweli tupu, na kila nilivyoongeza kweli, karani alizidi kurudi nyuma na kiti chake.

Akajishika kwenye jambo moja analoliweza. Akafungua ukurasa mwingine, akamgeukia Mloka kwa ukali wa serikali.

"Kama u hai, mbona boma lilipoita wakubwa wote walete watu kwenye kazi ya barabara ya Matombo, wewe hukuja? Jibu lililoletwa hapa ni kwamba mkubwa wa ukoo amekufa!"

Mloka akafikiri. Akasema, "Hiyo ilikuwa kabla ya arobaini ya msiba wangu, bwana. Siku hiyo nilikuwa bado nimekufa."

Hapo karani Juma alipiga meza, na ulimi wake ulikuwa nje wote. "Mwalimu! Wewe mtu wa dini! Unaniletea maiti akudhamini? Hapa imeandikwa mkubwa wa ukoo *aliye hai*!"

Kelele ile ikamtoa Bwana Mkubwa chumbani kwake. Huyo ndiye Mdachi wa boma, mtu mrefu, masharubu yamepinda juu kama pembe za ng'ombe, sawasawa na yale ya picha ya Kaiza, mfalme wao, iliyotundikwa juu ya kichwa cha karani. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nini hapa?"

Karani akasimama wima. Akasema, na namhurumia hadi leo:

"Bwana Mkubwa, mzee huyu amemleta mjomba wake aliyekufa, ambaye ni mpwa wake, ambaye ni mwanafunzi wake, amdhamini kwenda Unguja."

Bwana Mkubwa akamtazama Mloka, kisha mimi.

Mimi nilianza kusoma Yasini kimoyomoyo. Nilimwona Maalim Haji amelala kitandani kwake, na meli inaondoka bila mimi, na mimi nafika tena kwa ajili ya kuosha tu. Nikasema, ewe Mola, njia zote nne zimefungwa, fungua ya tano unayoijua wewe.

Mloka akakohoa. Akanyoosha kidole, wakuu, kidole cha mkulima chenye utomvu wa mgomba, akakielekeza kwenye picha.

"Bwana Mkubwa, samahani. Yule ni nani?"

Nikamvuta kanzu. Hakunijali.

"Yule Kaiza," akasema Bwana Mkubwa.

"Babu yake alikuwa nani?"

"Kaiza pia."

"Jina lake?"

Bwana Mkubwa akataja jina. Lilikuwa ni lile lile.

"Yuko wapi sasa, huyo babu?"

"Alikufa. Zamani."

"Poleni," akasema Mloka, na alimaanisha. "Na alipokufa, zile ahadi alizoahidi, alizibeba kaburini?"

"Hapana," akasema Bwana Mkubwa. "Kaiza ni Kaiza."

"Basi, bwana," akasema Mloka, "na Mloka ni Mloka."

Askari wa mlangoni alitazama juu. Karani Juma alitazama picha, kisha Mloka, kisha picha, kama anayelinganisha.

Nikaona pembe moja ya masharubu ya Bwana Mkubwa inatikisika. Kisha ya pili. Akageuka haraka kurudi chumbani kwake, na kabla mlango haujafungwa akasema, "Andika!" Baada ya mlango kufungwa tulisikia kitu kama farasi anayepiga chafya kwa muda mrefu.

Karani akaandika. Alipofika kwenye jina la mdhamini akaandika "Mloka wa pili".

Mloka akachungulia. Akasema, "Futa hilo. Hakuna wa pili. Mwalimu huyu alinifundisha kusoma, naona ulichoandika."

Nilijisikia fahari ambayo sikuitarajia.

Nisiwachoshe na habari za safari. Nilipanda gari la moshi hadi Dar es Salaam, nikapanda meli ya moshi, nikatapika kwa ibada, nikafika Unguja. Pale bandarini nilijiandaa kwa maswali. Nilikuwa nimekariri nasaba yangu yote pamoja na maelezo. Afisa wa Kiingereza akatazama cheti, akageuza, akagonga muhuri, akaniuliza swali moja tu kupitia mkalimani: ninakwenda kwa nani?

Nikasema kwa Maalim Haji.

Hamali mmoja aliyekuwa amebeba gunia akasikia. Akasema, "Yule mzee asiyeona, anayewasahihisha waadhini? Nifuate."

Nilimkuta hai. Nasema tena, alhamdulillahi, nilimkuta hai. Amekuwa mdogo kitandani, kama mtu aliyekunjwa. Nikambusu mkono. Akanipapasa ndevu, akasema, "Zimekuwa nyeupe? Naona kwa vidole ni ngumu. Umechelewa. Soma."

Nikaanza. Kwenye aya ya pili akaniinulia kidole. Kwenye ya tano akainua tena. Siku kumi na saba nilimsomea, asubuhi na jioni, na kidole kile kilipanda na kushuka kama mtwangio.

Siku moja nikasoma ukurasa mzima bila kidole kuinuka. Nikasoma wa pili. Moyo wangu ukaanza kuvimba. Nikasema kumbe na mimi nimefika. Nikainua macho. Kidole kimelala kifuani, hakitikisiki.

Kitabu kiliniponyoka, wakuu. Nikamwinamia. "Maalim!"

"Nilisinzia," akasema. "Rudia tangu pale pa juu."

Nilirudia kwa furaha kubwa kuliko niliyosomea mara ya kwanza.

Tulipomaliza, nikamwambia nitakaa naye mpaka mwisho, wowote utakaokuwa. Akauliza cheti changu kinasemaje. Nikamwambia siku arobaini, na kwamba nimedhaminiwa na Mloka.

"Mloka amekufa," akasema. "Tulisikia hadi huku."

Nikamweleza. Kicheko kilimshika hadi tukamwinua akae. Alipopata pumzi akasema jambo ambalo nimeliandika hapa ili lisipotee:

"Nilipokaa kwenu niliwaambia desturi ile ni ya washamba. Niombee msamaha kwao. Wewe unadhani ijaza ni nini? Mwalimu wangu alikufa, nami nikakaa mahali pake. Sasa kaa wewe. Na urudi kabla ya siku zako, asije mtu akafungwa kwa ajili yangu."

Akaniwekea mkono kichwani, akataja majina ya walimu wake mmoja baada ya mwingine, na la mwisho akataja langu. Nikaondoka kesho yake. Alifariki mwezi uliofuata. Habari ilinifikia kwa yule yule mfanyabiashara wa pilipili. Mola amlaze pema.

Nilirudi siku tano kabla ya muda. Nilipoteremka Morogoro nikamkuta Mloka amekaa stesheni na mkeka wake umekunjwa, sufuria, na blanketi.

"Unasafiri, mjomba?"

"Hapana," akasema. "Nilikuwa najiandaa kufungwa. Nilisikia jela ya bomani ina baridi."

Basi, ndugu wa Kilosa, jibu lako ni hili. Omba cheti cha ziara kama unakwenda kuona mtu. Usitafute njia fupi; mimi zilinila wiki tatu na padre akashinda njaa. Useme kweli tangu siku ya kwanza, lakini kweli yako ipange kabla hujafika mezani, maana kweli isiyopangwa inatisha kuliko uongo. Na kama una mtu anayekungoja kitandani, usimalize juzuu kwanza. Nenda.

Kurasa tatu za mwisho nimeziacha wazi mtoe maoni. Aliyewahi kwenda Mombasa atueleze njia ya huko. Wa mbuzi naye anakaribishwa, ila aandike pembeni.

Nami nina swali langu, na nawaomba mnijibu kabla ya Ijumaa. Mloka amependa habari za Unguja na sasa anataka kwenda kuzuru kaburi la Maalim. Mkubwa wa ukoo naye lazima adhaminiwe, na amenichagua mimi. Karani Juma amenipa karatasi nijaze, kisha akatoka nje kupunga hewa.

Kuna mahali pameandikwa: "Mdhamini ni nani wake?"

Nimekaa na karatasi hiyo siku ya tatu leo. Nijaze nini, wakuu?